Nakala ya Maulidi ya Mama Mkwe

Kisa hiki hata mke wangu sipendi akitaje. Nilikuwa fundi redio Jang'ombe, na mama mkwe, Bi Asha, aliniomba nakala ya tepu ya maulidi yaliyosomwa kwake. Siku zile tulinakili kwa kuzielekezanisha mashine mbili: moja ikisoma, ya pili ikirikodi kila inachokisikia. Nami, bingwa, nikakaa kando yake nikipiga soga na fundi mwenzangu.

Ijumaa asubuhi nikampelekea. Mchana nikarudi kula: wageni wamejaa, chakula kimetandikwa, tepu inasoma vizuri. Katikati ya kaswida ikatoka sauti yangu: "Mama mkwe namheshimu, lakini mchuzi wake chumvi tupu. Nakula kwa adabu tu."

Bi Asha akanisogezea bakuli la mchuzi.

"Tepu niliisikiliza tangu asubuhi; huu sikuutia chumvi, mwanangu. Leo kula bila ya adabu."