Jogoo Niliowahamishia kwa Nguruwe

Wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yangu walikuwa wanakuja Jumamosi, na nyumba yetu nzima ilikuwa na mafua. Kwetu Shinyalu, hata umchinjie mkwe ng'ombe, kama hakula kuku atasema hakula. Nilikuwa na jogoo watatu tu wa kufaa.

Kuku wetu walilala jikoni, nami ndimo nilimokoholea. Wifi yangu akaanza: "Endelea kuwapigia chafya. Jumamosi utawapa wakwe sukuma wiki!"

Nilibeba jogoo wote nikawafungia bandani kwa nguruwe. Nilijua huko hakuna mtu wa kuwaambukiza. Nani alimpelekea nguruwe maganda kila asubuhi huku akipenga kamasi? Mimi. Kufika Alhamisi nguruwe alikuwa anapiga chafya, pua inatiririka.

"Huyu sasa ni wa ukoo," wifi akasema.

Mimi sikucheka. Nilimwita daktari wa mifugo, msichana aliyevaa viatu vya gambuti. Akamtazama nguruwe, akawatazama jogoo.

"Mama, hawa walikuwa wanalalanga wapi?"

"Jikoni."

"Nani aliwaleta huku?"

Nikageuza macho, nikaangalia mlima wa ng'ambo. Wifi akaninyooshea kidole.

Yule msichana akabandua mbegu ya kishonanguo kwenye sweta yangu. "Hii inashika sweta. Ukiitupa kwa karatasi ya nailoni?"

"Inateleza."

"Mafua ni hivyo. Kidudu chake lazima kishike kooni kwanza ndipo kiingie. Cha watu hakishiki vizuri koo la kuku, na cha ndege hakishiki vizuri koo letu. Lakini koo la nguruwe linashika vyote viwili. Vikikutana humo vinaweza kuzaa ugonjwa mpya. Usiwalaze pamoja tena."

"Wacha hayo ya kuzaa. Jogoo wangu watafika Jumamosi?"

"Kwa mafua yako hawafi, mama. Watoe humo tu."

Niliwatoa saa hiyo hiyo, nikawafungia peke yao kwenye ghala tupu. Nguruwe alipewa maji mengi na kupumzika, akapona bila dawa.

Jumamosi tulichinja wote watatu. Baba wa kijana alikula firigisi, akala paja, akaongezwa mchuzi. Wifi akamletea maji ya kunawa. Mzee akafuta mikono, akanigeukia.

"Haya mama, sasa tuongee ng'ombe wa mahari."