Ng'ombe Wachache wa Mzee Wambura

Nakumbuka siku ile ya kiangazi, mwanangu, enzi za Mwingereza, niliposimama barabarani Mugeta kungoja ng'ombe wapite, nikagundua kwamba mimi karani msomi ni mjinga kabisa.

Nilikuwa karani wa bwana mifugo pale Musoma. Kazi niliipenda kwa sababu moja: ilikuwa ya kukaa. Nilikuwaga mtu wa nyumbani; nikivuka Nyakato tu, hapo hapo mjini, naona nimesafiri. Basi likatakiwa kuchimbwa lambo moja la kunyweshea ng'ombe huko Mugeta, ama kilimani ama bondeni, kule kwenye ng'ombe wengi zaidi. Walimu wawili wakapita kaya kwa kaya wakiuliza, "Ng'ombe mnao wa kiasi gani?" Majibu wakayaandika kama yalivyosemwa, wakaniletea niyageuze namba. Aliyejibu "wachache" nikampa moja, "wa kutosha" mbili, "wengi" tatu. Nikatafuta wastani wa kila upande; bondeni wakashinda kwa mbali. Makaratasi ya majibu nikampelekea mama watoto awashie moto, maana niliona maneno yamekwisha kazi yake.

Bwana mifugo akanituma nikaoneshe mahali pa kuchimba. Nilijaribu kuumwa, hakuniamini. Lori lilipofika kilimani, njiani kwenda bondeni, ng'ombe wakakata barabara. Wakapita, wakapita. Dereva akazima injini, akala kiporo chake chote, bado wanapita. Nyuma yao akaja mzee mwembamba, Mzee Wambura.

"Shikamoo mzee. Hawa wote wa nani?"

"Marahaba. Wa kwangu. Wachache tu."

"Wachache?"

"Sasa wewe kijana wa ofisi, kwenu mtu anamwambia mgeni ana ng'ombe wengi? Si anawaitia kifo?"

"Mbona bondeni wamesema wanao wengi?"

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Bondeni wana vijana wa kuoa. Nani atampa binti mtu wa zizi tupu?" Kisha akanionesha ndama aliyelala pembeni ya njia. "Maji yako mbali. Huyu hafiki. Hilo lambo mnalichimba lini?"

Nikamwambia dereva ageuze lori. Nilirudi nikakiri kwa bwana mifugo, naye akataka majibu yenyewe tuyasome upya. Yalikwisha kupika ugali. Ikabidi nizunguke mwenyewe, kwa miguu, wiki tatu. Mzee Wambura ndiye aliyenipa swali: "Usiulize wangapi. Uliza kunywesha wanaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi; kundi kubwa huchelewa kumaliza."

Lambo lilichimbwa kilimani, lakini kwa kuchelewa. Ndama watatu wa mzee walifia njiani wakati mimi narudia kazi yangu. Hakunilaumu. Alinipa maziwa, na hayo ndiyo yaliyonichoma zaidi.

Mwanangu, wewe umesoma kunizidi, na ipo siku utapewa majibu ya watu uyageuze namba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame: kabla hujampa mtu moja au tatu, nenda ujue kwao watu hujibuje, na huyu anayejibu anaogopa nini au anatafuta nini. Na maneno yao uyatunze, akiba haiozi. Namba ikikosea, utapata pa kurudia. Mungu akujalie miguu myepesi kuliko yangu, na kila mlango utakaobishia hodi ukufungukie kwa heri.