Shahidi wa Pili

Iko siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ilikuwa ishirini na tisa ya Ramadhani, nami kijana wa miaka kumi na tisa pale Bububu. Wazee wa mtaa wetu walikuwa na msimamo wao: mashahidi wawili wakiuona mwezi, tunafungua, redio iseme itakalo. Jua lilipotua tukajipanga ufukweni, shingo juu. Kanzu zilikwishapigwa pasi, na kina mama walikwishakanda unga wa maandazi.

Rafiki yangu Mbarouk, aliyesifika kwa macho makali, akanyoosha kidole. "Ule pale, juu ya wingu."

Imamu akauliza, "Nani mwengine kauona?"

Watu wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilisimama ubavuni mwa Mbarouk. Nilikodoa macho mpaka machozi yakanitoka, nikaona wingu. Nikasema, "Na mimi nimeuona." Takbira zikaanza hapo hapo.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia bibi yangu, Bi Mgeni. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, hajanywa. Aliitikia marahaba, kisha akauliza, "Pembe zake zilielekea wapi?" Hilo ndilo swali ambalo shahidi wa mwezi huulizwa tangu zamani, na imamu kwa furaha alisahau kuniuliza. Nikajibu kuwa zilielekea chini. Mwezi mchanga kwetu hulala chali, pembe juu, na hata watoto wanalijua hilo. Bibi akaweka kikombe chini.

"Kwa nini ukasema umeuona?"

"Watu wote walikuwa washakubali, bibi."

"Hukuulizwa watu, uliulizwa macho yako. Sasa mie nifanye nini? Ikiwa leo Sikukuu, kufunga haramu. Ikiwa leo Ramadhani, kula haramu. Nenda msikitini ukawambie."

Sikwenda. Niliona haya, tena nilikuwa na kanzu mpya. Bibi aliinywa ile chai ikiwa imepoa, na baada ya Sikukuu akailipa siku moja, peke yake katika mtaa mzima, bila ya kumtaja mtu. Watu husema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nilikuwa penye wengi, na neno liliharibika mikononi mwangu.

Sasa sikiliza ya juzi. Mjukuu wangu Nasra, ninayekaa naye Kiembe Samaki, anasoma chuo na anapenda mambo ya mbinguni kupita kiasi. Tukinywa kahawa baada ya alasiri yeye ndiye taarifa yangu ya habari. Ameniambia kuwa sayari ya Zohali imegunduliwa kuwa na miezi mingine mingi mpaka imezipita sayari zote. Ameniambia pia habari ya sayari moja ya mbali, ambako wataalamu walisema wameona dalili ya hewa inayotolewa na viumbe hai, na wenzao wakawajibu: subirini, bado hatujaiona. Niliwapenda hao waliosema bado.

Nasra alikuwa katika kikundi cha vijana wanaotafuta mawe yanayolizunguka jua, asteroidi kwa jina lake. Huletewa picha nne za kipande kimoja cha mbingu, zilizopigwa na darubini kubwa huko nje kwa kupishana dakika chache. Nyota hazihami, nukta inayohama katika picha zote nne huenda ikawa jiwe jipya. Mkubwa wa kikundi akaipata moja. Wageni wakaalikwa kwenye ukumbi mmoja Mbweni, fulana zikachapishwa. Ikabaki sahihi ya mtu wa pili, aseme naye ameiona. Akapewa Nasra.

Alikuja kwangu na kompyuta yake, uso umemsawijika. "Babu, nnaiona katika picha mbili tu. Katika hizi nyengine haimo. Wamenambia nisiposaini nitoke kwenye kikundi."

Hapo nikamsimulia ya Bububu, kisa ambacho sijapata kumwambia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Na wewe, babu, baadaye ulikwenda kusema?"

Swali lile lilinichoma. Ijumaa iliyofuata nilikwenda Bububu, na baada ya sala nikaomba ruhusa, nikasimama na bakora yangu. Nikasema, "Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa shahidi wa pili. Sikuuona." Wa rika langu hawakuzidi watatu, Mbarouk alikwishafariki, Mungu amrehemu, na hadi leo sijui kama yeye aliuona kweli. Mmoja akaninong'oneza, "Mzee mwenzangu, ya kale hayo, unatuaibisha." Nikamjibu, "Ya kale, lakini yangu. Na aliyeaibika ni mimi."

Nasra alikuwa amesimama nje, upande wa wanawake. Alinisikia. Jumamosi alikwenda Mbweni, akawarudishia karatasi bila ya sahihi, na fulana yao juu yake. Wakamtoa. Sasa jamaa wananijia, "Mzee, mwambie mtoto aache ukaidi, akaombe radhi. Jee, likithibitika kuwa ni jiwe kweli?"

Na lithibitike. Likithibitika, nitafurahi nao na kahawa nitawapikia. Nasra hatakuwa amekosea hata chembe, kwa sababu hakuulizwa kama jiwe lipo. Aliulizwa kama ameliona. Radhi haombi, na mimi ndiye niliyemkataza.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Watakwambia lisemwalo lipo. Wewe waambie wakuoneshe. Usiwe shahidi wa pili wa jambo ambalo hukuliona, hata kama wa kwanza ni rafiki yako, hata kama kanzu zimepigwa pasi na wageni wamekaa vitini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliyejikwaa ulimi nimechechemea zaidi ya miaka hamsini. Na kama ulikwishasema, rudi ukaseme tena, hata kwa bakora.

Mungu akuhifadhie macho yako, na akupe kifua cha kuyasimamia. Na siku utakaposimama peke yako, akujaalie mtu mmoja nyumbani wa kukuuliza pembe zilielekea wapi, nawe uwe na la kumjibu. Amina.