Maji Niliyoongeza Kwenye Betri

Mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ya Julai nilipoteremka kutoka kijiji kilicho juu ya Tengeru bila kujua niendako. Ukungu ulifunika migomba, na Mlima Meru haukuonekana. Nyuma yangu niliacha kaburi lenye udongo mbichi.

Shule niliiachia darasa la tano, lakini kila chenye waya nilikifungua nikione ndani. Mzee mmoja wa Kimeru wa kijiji hicho alikuwa amenipa chumba, akanikabidhi pikapu yake, gari pekee la kijiji. Siku moja, nikiirudisha betri yake kutoka kuchajiwa, baiskeli iliteleza na asidi ikamwagika. Niliona haya kusema. Nikajaza maji mpaka kwenye alama. Jua la mchana lilikuwa kali. Gari likawaka mara moja.

"Umeipima asidi?" Mzee akauliza.

"Babu, si imewaka?"

"Imewaka juani. Hata mlevi hutembea akishikwa mkono."

Alfajiri ya siku ya tatu, mkewe, niliyemwita Bibi, alibanwa na kifua. Baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Nikazungusha ufunguo, gari likaguna mara mbili, likanyamaza. Tukalisukuma, magurudumu yakazama kwenye tope la uani.

"Usihangaike, baba," Bibi aliniambia. Kisha akasema, "Lakini fanya haraka."

Wanaume wakambeba kwa kitanda. Hakufika barabara ya lami.

Baada ya mazishi nikakiri. Mzee akanyonya asidi kwa kipimo; kiboya cha ndani, ambacho huelea asidi ikiwa kali, kikazama.

"Maji yakizidi asidi, volti hushuka," akasema taratibu. "Joto lilikufichia. Baridi ilipokuja, hata nguvu kidogo iliyobaki ikalegea. Ungesema tu, kijana. Asidi ipo Tengeru."

Hakunifukuza. Hilo ndilo lililonifukuza.

Jioni ya siku ile niliyoteremka nilifika Nduruma. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha aliniuliza kazi ninayoijua. Zamani ningejibu, betri.

"Kufagia," nikasema. Akanipa ufunguo na ufagio.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukimwaga, sema umemwaga, aibu ikiwa bado ndogo. Na jambo lililokubali mchana wa jua usilisifu kabla hujalipima, maana baridi haibembelezi mtu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na alfajiri yako ya baridi isikukute na siri.