Nilipokea masale ya shemeji, foklifti ya mwanangu ikabaki kwake

Admin habari za kazi, na ninyi wote mnaosoma humu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba wanangu. Sisi hapa Moshono tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama mkwe wangu bado yupo, miguu inamsumbua ila uji anakunywa. Binti yangu Upendo hajambo, mtoto wake ameota meno anatung'ata wote. Wapangaji wa chumba cha nyuma nao wazima. Asiye mzima ni kijana wangu mkubwa, na ndiye aliyenifanya niandike. Majina nimebadilisha, naomba unifiche, shemeji yangu anajulikana na watu wengi.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, Mchaga, shule niliishia darasa la nne, mnivumilie. Kijana wangu tumwite Eliya, ni fundi. Baba yake alipofariki, kaka wa marehemu, huyo shemeji, ndiye akawa mkubwa wetu. Ana yadi ya mbao Kijenge, na kwenye kona ya yadi kulikuwa na foklifti, ile mashine yenye meno mawili mbele ya kunyanyulia mizigo. Ilikufa zamani, matairi yamezama kwenye udongo, kuku wanatagia kwenye kiti.

Krismasi tukiwa nyumbani Machame, Eliya akamwomba baba yake mkubwa amuuzie, alipe kidogo kidogo. Shemeji akacheka mbele ya ukoo, akasema, "Chukua bure hiyo maiti. Ukiifufua niite nije niimbe pambio." Watu wakacheka, na sisi tukacheka, tukashukuru. Hatukuandikishana. Nani anaandikishana na baba yake mkubwa?

Ikaletwa hapa uani. Eliya akafungua mlingoti wote, ile nguzo ya mbele inayopandisha meno, akabadilisha sili za jeki zilizokuwa zinavuja, akatoa viota vya panya kwenye injini, cheni za kunyanyulia akazitupa akatafuta nyingine. Mimi nilisugua kutu kwa msasa mpaka kucha zikaisha, mchicha wangu ukawa unanuka dizeli na hakuna aliyelalamika. Kiti nikakishonea kitambaa cha kochi langu la zamani. Shemeji akitoka ibadani alikuwa anapita na rafiki zake kutucheka, ananiuliza wenzangu wanafuga ng'ombe, mimi chuma changu nakikamua saa ngapi.

Siku ilipowaka ilitoa moshi mweusi, mama mkwe akadhani nyumba inaungua. Eliya akanyanyua tenki letu likiwa limejaa maji, likapanda polepole bila kutikisika. Akashuka akanikumbatia na grisi yake yote, akasema, "Mama, imeshika." Sijamwona na furaha ile tangu baba yake afe.

Akaanza kupata kazi, anashusha marumaru kwenye maduka, Kaloleni wakamjua. Shemeji naye akasikia. Akaja na lori na vijana wa kupakia. Akasema alimwambia afufue, hakumwambia arithi. Eliya akasimama mbele ya lori, hakutukana. Shemeji akasema kwa sauti wapangaji wasikie, "Baba yako alikufa anaazima spana zangu. Toka mbele." Halafu akaamuru kitambaa changu kibanduliwe kwenye kiti, akanitupia miguuni, akasema nisije nikatangaza ameniibia. Lori likaondoka na mashine.

Baada ya hapo Eliya akawa anakonda tu. Ndipo shemeji akaja na wazee wawili wa ukoo, ameshika masale. Kwa wasiojua, kwetu aliyekosa akileta majani ya sale kuomba msamaha, hukatai. Ukikataa, laana inakurudia wewe. Na ukishapokea, jambo limezikwa, halisemwi tena. Eliya hakuwepo. Mimi nililia kwa furaha, nikajua mashine ya mwanangu inarudi. Nikapokea kwa mikono miwili, sikuuliza hata neno.

Shemeji akanywa chai, akafuta mdomo, akasema, "Sasa yameisha. Mwambie Eliya aje yadini, lile dude limegoma kunyanyua na dereva wangu haliwezi."

Nikauliza, na mashine je? Akawaangalia wazee. Mmoja akaniambia taratibu, "Mama, umeshapokea." Shemeji akachukua chapati nyingine.

Eliya aliporudi nikamweleza. Alinawa mikono akaacha chakula. Akasema, "Mama, umempa mashine, na mimi juu yake." Akatoka. Sasa analala kwa rafiki yake. Akija hapa anamsalimia bibi yake, ananipita mimi kama ananipita mlango.

Shemeji anatangaza kwamba Eliya asipokwenda kutengeneza, tumetemea mate masale, na ukoo ututenge. Upendo ananiambia niyatupe jalalani. Mama mkwe, ambaye shemeji naye ni wa tumbo lake, anasema nikiyarudisha nitazika mtoto. Majani nimeyaweka kwenye glasi ya maji, naogopa kuyaona yakikauka, naogopa kuyaona mabichi.

Wazazi wenzangu, hasa mnaotoka Machame, Marangu na kwa Wameru huku juu, kuna aliyewahi kuyarudisha masale na watoto wake wakabaki salama? Au nimwambie mwanangu akamtengenezee aliyemdhalilisha, ili mradi arudi kulala nyumbani? Nijibuni upesi, wazee wanarudi Jumapili baada ya ibada kusikia jibu, na Eliya ameshaanza kuhamisha spana zake.