Mkono wa Mjomba na Usukani Mpya

Mjomba wangu ni kinyozi, na pikipiki yake watu wa mtaani wanaiita Kochi. Ni pikipiki kubwa yenye kiti cha chini. Miguu unaitupa mbele na mgongo unaulaza nyuma kidogo, kwa hiyo akipita watoto humuuliza kama ameshamaliza kupumzika. Yeye huwajibu kwa honi. Aliikuta imekufa nyuma ya ghala la saruji, kuku wanataga chini ya tangi, na kwa miaka sita ameifufua kwa mikono yake. Mimi naishi kwake tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nafua nguo za watu kwenye duka lililo jirani na kibanda chake cha kunyolea, na kila asubuhi hunipakia nyuma. Nikipakiwa sisemi sana. Natazama tu.

Mwezi uliopita alibadilisha usukani. Ule wa zamani ulikuwa mfupi, unamkunja mabega, na mtu anayesimama kutwa juu ya vichwa vya watu, mabega ndiyo yanayomdai usingizi. Akapata mwingine mrefu, umeinuka na kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe. Aliufunga mwenyewe uani siku ya mapumziko. Alishusha tangi la petroli akaliweka juu ya gunia, akapitisha nyaya moja moja, wa klachi, wa breki, wa mafuta. Akaugeuza usukani kushoto, akaugeuza kulia, kichwa kimeinama kama anayemsikiliza mteja mwenye siri. Hakuna kilichokwama. Akarudisha tangi, akakaza bolti, akaenda kuoga huku anapiga mluzi.

Kesho yake, tunakata kushoto kuingia sokoni, Kochi ikaruka. Ilinguruma ghafla ikatuvuta mpaka gurudumu la mbele likabusu beseni za muuza vyombo. Muuza vyombo hakupandisha sauti, aliuliza tu hizo beseni zimemkosea nini. Mjomba aliomba radhi. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ule unaozungusha mpini wa mafuta, akautazama muda mrefu kuliko alivyozitazama beseni.

Nilijua anachokitazama. Babu, baba yake Mjomba, naye alikuwa kinyozi. Alipofika miaka arobaini na saba mkono wake wa kulia ulianza kuruka wenyewe, mara moja moja, hadi siku alipomkata mteja juu ya sikio. Mwaka uliofuata aliacha wembe. Miaka mitatu baadaye Mjomba alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Sasa Mjomba mwenyewe ametimiza arobaini na saba. Nyumbani hakuna aliyelitamka, lakini sote tunajua kuhesabu.

Kochi iliruka tena tukiingia getini kwetu, na tena siku iliyofuata. Mjomba akaacha kushika wembe. Mwalimu mstaafu, ambaye ndevu zake hazijawahi kuguswa na mashine, aliambiwa nyembe zimekwisha, na wakati huo pakiti nzima ilikuwa inamwangalia pale chini ya kioo. Aliondoka na ndevu zake bila kuuliza. Nyumbani mke wa Mjomba alianza kummiminia chai nusu kikombe, bila kuombwa, naye alikishika kwa mikono miwili. Na kweli kilitetemeka. Mkewe alimsihi aende hospitali. Alikubali, na kila asubuhi tulipofika mbele ya lango la hospitali, hapo ndipo mkono wake ulipoongeza mafuta kwa hiari yake, tukalipita.

Alhamisi alituambia anaiuza Kochi. Fundi mmoja mpaka rangi, wa mtaa wa pili, angekuja kuichukua Jumamosi saa nne.

"Nikianguka nianguke peke yangu," alisema. "Si na mtoto wa dada yangu mgongoni."

Mkewe aliinuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mimi nilikuwa na jambo tangu Jumanne. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anautazama ule mkono, nami niliutazama, tena mimi nilikuwa na nafasi nzuri kuliko wote, pale nyuma, kidevu karibu na bega lake. Tulipokata kushoto kuingia getini, Kochi ilinguruma, na mkono haukusogea. Nilikuwa naiona mishipa ya mkono imelala kama kamba iliyoachwa. Nikadhani nimeona vibaya. Jumatano ikawa vilevile. Tukikata kulia, kimya. Sikusema. Yeye amekaa na injini tangu sijazaliwa, mimi nakaa na sabuni; nitaanzia wapi kumfundisha?

Jumamosi aliiosha Kochi mpaka ikang'aa, akaiwasha ipate moto kabla ya mnunuzi kufika. Alikaa juu yake akiishika kama anayeaga. Nilipoona saa nne imepita na mpaka rangi hajatokea, nikamsogelea.

"Mjomba, toa mikono."

"Nitoe kwa nini?"

"Toa tu. Yote miwili."

Akaitoa, akaitia mifukoni. Nikashika ncha ya usukani upande wa kushoto, mbali kabisa na mafuta, nikauvuta nyuma kwa vidole viwili mpaka ukageuka kushoto wote. Injini iliyokuwa inakohoa polepole ikapanda, ikapiga kelele uani pote. Nikaurudisha katikati, ikashuka. Nikarudia. Mkewe alitoka jikoni na kitambaa mkononi. Mara ya tatu aliusukuma Mjomba mwenyewe, kwa goti.

Alizima. Hakungoja ipoe, alilifungua tangi akaungua kidole na hakukinyonya hata. Chini yake waya wa mafuta ulikuwa umepita upande usio wake wa shingo ya usukani, umebanwa na tangi hadi ganda lake limechubuka. Ukikata kushoto, waya unavutwa, mafuta yanaongezeka yenyewe.

"Niliujaribu usukani tangi likiwa chini," alisema. Akasema tena, polepole, "Tangi lilikuwa chini, na injini imezimwa."

Akakaa juu ya gunia akaanza kucheka, na kicheko kikamtoa machozi, akawa anaunyoosha ule mkono juani na kuugeuza huku na huku. Mkewe aliushika akauzaba kofi, halafu hakuuachia. Mjomba akanigeukia.

"Umeliona hili tangu lini?"

"Jumanne."

"Na leo?"

"Jumamosi."

"Siku nne nzima umeufungia mkono wangu mdomoni mwako."

Mpaka rangi alifika akakuta Kochi imefunguliwa vipande na wenye nyumba wanacheka. Aliambiwa haiuzwi. Alisema kama ni hivyo, walau anyolewe, asije akawa amekanyaga vumbi bure. Mjomba akaingia ndani, na alipotoka alikuwa ameshika wembe mpya.

Alimkalisha kwenye kigoda. Alianza shingoni, akapanda taratibu. Alipofika juu ya sikio alisimama kidogo, akavuta pumzi, na mkono ukapita pale laini kama unaofuta kioo. Mpaka rangi, macho kayafumba, aliuliza tena kama kweli haiuzwi. Mjomba akamwambia atulie asiongee, asije akamkata.