Mkono wa Mama Moto

Kwenye bekari ile hakuna mkate ulioingia tanurini kabla ya mkono wa Mama Moto. Aliusogeza mdomoni mwa tanuri, akaugeuza, halafu akasema, "Bado," au, "Tieni." Moto ukizidi, aliibana vali ya dizeli; ukipungua, aliilegeza, kisha akaupeleka mkono tena kuona kama umesikia. Vinyweleo vya mkono huo vilikwisha kuungua zamani, naye alijivunia ngozi yake laini kama wengine wanavyojivunia bangili.

Basi siku msimamizi alipoleta fundi wa kufunga mtambo wa kujiendesha, na fundi mwenyewe akawa Kitinda, mdogo wake wa mwisho, roho ilimuuma waziwazi. Si kwamba hakumpenda. Alimlea mgongoni. Lakini mtoto huyu alikwisha kuchukua masomo, sifa, na hata mdomo wa mama yao. Mama akipata mgeni, chai haijapoa keshaanza: "Kitinda wangu anatengeneza mitambo!" Na Mama Moto je? "Huyu naye yupo bekari." Yupo! Utadhani anazungumzia meza.

Kitinda alichomeka kijiti cha kipimajoto ndani kabisa ya tanuri, akavuta waya hadi kwenye kisanduku ukutani, na mwingine kutoka kisandukuni hadi kwenye vali.

"Ona, dada. Kijiti kinapima joto na kurudisha habari. Kisanduku kinalinganisha na joto tunalolitaka. Likipungua kinafungua vali, likizidi kinaibana, halafu kinasubiri habari nyingine. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe."

"Nilivyokuwa? Kwa hiyo nimeshakufa."

"Dada, jamani!"

Waokaji wakaangua kicheko. Tangu hapo mikate ilitoka rangi moja kila siku, na Kitinda akasifiwa mpaka Mama Moto akatamani masikio yangekuwa na vifuniko. Yeye akapewa kupanga trei. Mkono wake ukawa unashinda mfukoni mwa aproni, hakuna wa kuuuliza kitu.

Asubuhi moja, wenzake walipokwenda kunywa chai, wivu ulimzidi nguvu. Alikitoa kile kijiti, akakiacha kinaning'inia nje ya ukingo wa mlango wa tanuri, panapopita hewa baridi. Hakutaka makubwa. Mikate ibabuke kidogo tu, watu waseme, "Enzi za mkono wa Mama Moto hatukuyaona haya."

Kumbe kisanduku hakina macho. Kililetewa habari ya baridi, kikafungua vali. Moto ukapanda, lakini habari ikaja ileile: baridi. Kikafungua zaidi. Mama Moto alisubiri kitosheke, wala hakikutosheka; kingetosheka vipi, na aliyekipa habari ni mwongo? Harufu ya mikate inayoungua ikajaa chumba kizima. Msimamizi alikuja mbio akafunga dizeli mwenyewe, na trei zikatolewa nyeusi tii.

Kitinda akaitwa.

"Mtambo wako nusura utuchomee jengo!" msimamizi alifoka. "Ung'oe, uondoke nao leo hii. Na yeyote atakayeniuliza habari zako nitamwambia nilichokiona."

Kitinda alichungulia tanuri, akakiona kijiti kinavyoning'inia. Akamtazama dada yake. Mama Moto akajitia hamnazo, akapangusa trei iliyokuwa safi.

"Sikukikaza vizuri," Kitinda akasema taratibu. "Kosa ni langu."

"Mama Moto, rudi kwenye vali," akaamuru msimamizi.

Maneno hayo ndiyo aliyoyaota usiku na mchana. Akasogea, akaunyoosha mkono wake ule maarufu, na vali ikawa ngumu kama haijawahi kumjua. Nyuma yake aliwasikia waokaji wakinong'onezana kwamba fundi huyo kumbe hamna kitu. Ndicho alichokitaka, na sasa hakutaka kukisikia. Alimkumbuka Kitinda mdogo, sukari imemjaa midomoni, akiapa kwamba hajaigusa. Mtoto huyo hakuwahi kukubali kosa lake mwenyewe. Leo kakubali lisilo lake, mbele za watu, bila hata kumnyooshea dada yake kidole.

Mama Moto akaiachia vali.

"Alikikaza," alisema. "Alikikaza vizuri sana. Ilinibidi nitumie mikono yote miwili kukitoa."